Kuni Nilizompangia Mama

Pasaka ya 2022 niliingia bomani kwetu, karibu na Chavakali, kaunti ya Vihiga, nimebeba mkate, sukari na kilo mbili za nyama. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Nikiwa bado kwenye kijia niliona moshi umelifunika jiko la mama: unatoka mlangoni, dirishani, na kwenye ule mwanya kati ya ukuta na mabati. Nilipoinama mlangoni nikamkuta amepiga magoti mbele ya mafiga, shavu linakaribia jivu, anapuliza. Alipuliza, akakohoa, akapangusa macho kwa ncha ya leso, akapuliza tena. Sufuria ya chai ilikuwa juu ya mafiga, maziwa yametulia tuli.

"Karibu, baba," alisema bila kugeuka. "Ngoja moto ukubali."

Nikazitazama zile kuni. Ncha zake zilikuwa zinatoa povu jeupe na kulia chwii, chwii. Nilizitambua pale pale. Ni mimi niliyezipasua, ni mimi niliyezipanga, na picha yake ilikuwa bado kwenye simu yangu.

Mama alikuwa na mtungi wa gesi, ule mdogo wa kilo 6, tuliomchangia sisi watoto. Aliutumia kwa chai ya asubuhi na kwa wageni. Julai 2021 gesi ikawekewa VAT ya asilimia 16, na tangu hapo kila tukiulizia bei tunaambiwa imepanda. Mtungi ukageuka meza ya kuwekea redio. Sikuona ajabu, maana hata mimi Kisumu nilikuwa nimerudi kwenye makaa. Na sensa ya 2019 ilikuwa imeshaonyesha kwamba zaidi ya nusu ya nyumba za Kenya hutegemea kuni kupikia. Mama alikuwa amerejea tu kwenye kundi la wengi.

Lakini kuni alizipata wapi? Hapo ndipo penye aibu ya familia yetu, nami nitaisema.

Chini ya nyumba, kuelekea kijitoni, marehemu baba aliacha mikaratusi ipatayo arobaini. Aliipanda nikiwa shule ya msingi. Sasa, kwetu mti ni wa mwanamume. Guku, bibi yetu aliyemzaa baba, alitufundisha tukiwa wadogo kwamba mwanamke akipanda mti mumewe atakufa, au yeye mwenyewe hatazaa. Mwanamke anaweza kupalilia chini ya mti, anaweza kuokota vijiti vilivyoanguka, lakini panga lake lisiguse shina. Baba alipofariki, miti ile ilihamia mikononi mwa kaka yetu mkubwa, anayeishi Nakuru, na yeye akiitazama anaona nguzo za stima. Mkaratusi ulionyooka una bei. Kwa hiyo mama alikuwa akiishi juu ya miti arobaini na kupikia magunzi ya mahindi na vijiti vya ua. Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Kwetu palikuwa na miti, kuni hakuna.

Desemba 2021 tulikuwa tumepanda gari moja na kaka kutoka Kisumu, tumeshapita Kiboswa, mama akapiga simu. Kaka akaiweka spika kwa sababu alikuwa anaendesha. Mama akasalimia, akauliza watoto, akauliza barabara, kisha akazunguka zunguka hadi akafika: kama inawezekana, kama si usumbufu, angeomba mti mmoja wa kuni. Alikuwa anaomba kwa sauti ile ile ambayo mimi huombea mkopo. Mti ulio hatua mia moja kutoka mlangoni pake!

Kaka akasema hakuna shida, tutakata ule uliopinda karibu na kijito. Ule hauna mnunuzi wa nguzo. Tena ulikuwa na kesi ya siku nyingi: mwaka 2009 waziri wa mazingira wakati huo, John Michuki, aliagiza mikaratusi iliyo kando ya mito na chemchemi ing'olewe kwa sababu inakunywa maji mengi, na mzee wetu alijifanya hakusikia redio siku hiyo. Basi mama akapewa mti mbaya, tukajiona tumetenda wema.

Mtu wa pawa, yaani msumeno wa petroli, alikuja siku mbili baada ya Krismasi. Akaulaza mti, akauliza tunataka vipande vya urefu gani. Nikamwambia sentimita 60, nikipiga hesabu kwamba akikata mara chache atatuchaji kidogo. Mama alikuwa amesimama kando na karai la mahindi. Hakuulizwa.

Tulianza kupasua saa tatu asubuhi, baada ya chai, mandazi na picha. Tulikuwa wanaume watano: mimi, kaka, shemeji, na wapwa wawili waliojaa vifua. Shoka langu lilikuwa jipya, nimelinunua Kibuye, soko la Kisumu, kwa mafundi wanaofua springi za magari. Mkaratusi mbichi hupasuka vizuri, na hilo ndilo lililotudanganya. Unapiga mara moja, gogo linafunguka kama kitabu, na harufu yake inapanda puani kama ile dawa ya mafua. Tukaanza kushindana. Nani atapasua kwa pigo moja? Nani atainua gogo na shoka likiwa limenasa humo na kulibamiza chini? Watoto wanashangilia, dada anarekodi.

"Mngeanza alfajiri," mama alisema mara moja tu. Tukacheka.

Jua la mwisho wa Desemba kwetu halina mzaha. Watu huidhania Vihiga baridi kwa kuwa iko juu ya Kisumu, ukishapanda ule mlima wa Nyang'ori hewa inabadilika, na ni kweli kwamba usiku utatafuta blanketi. Lakini saa sita mchana jua linasimama utosini, upepo umekufa, na yale mawe makubwa ya Maragoli yanakurudishia joto kutoka pembeni kama ukuta wa tanuri. Saa saba kasoro nilihisi kichwa kinagonga. Misuli ya paja ikakakamaa. Nikainua shoka, nikaona magogo mawili mahali penye moja, nikaliteremsha polepole kana kwamba nataka kukagua makali.

Dada hakudanganyika. Alinishika mkono akanipeleka chini ya mti wa avokado, akanivua shati, akanitandika leso mbichi shingoni, akaniletea maji yenye sukari, chumvi kidogo na limau. Nikayanywa kwa mafundo madogo madogo kama alivyoniamuru. Nilikaa pale saa nzima, nikitazama mainzi.

Aibu ikanifanya niharakishe. Jioni tulipasua yaliyobaki nusu nusu tu, na yale yenye mafundo hatukuyagusa kabisa. Kisha kazi ya kupanga ikaachiwa mimi, kwa kuwa wenzangu walishaoga na walikuwa wanatafuta mpira kwenye runinga.

Nilipanga kwa bidii ya mtu anayejenga benki. Nilizibana kuni kwenye ukuta wa nyuma wa jiko, juu ya udongo mtupu, kila kipande kimemkumbatia mwenzake hata kisu hakipenyi. Maganda nikayaelekeza nje yapendeze. Nikazifunika kwa nailoni nyeusi kutoka juu hadi chini, nikaibana kwa mawe. Nikapiga picha, nikaitupa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Salamu za pongezi zikamiminika, binamu wa Eldoret akauliza kama napokea oda.

Mama alikuja akaishika ile nailoni, akaiachia. "Zimependeza," akasema.

Ningekuwa na masikio ningesikia. Mama akila chakula kizuri husema kina chumvi ya kutosha. "Kimependeza" ni neno lake kwa nguo usizoweza kumrudishia aliyekupa.

Nirudi kwenye ile Pasaka. Baada ya chai, ambayo ilichemka karibu saa saba, nilikwenda nyuma ya jiko nikafunua nailoni. Upande wa ndani ulikuwa na matone kama kioo cha bafu. Kuni zilikuwa zimeota ukungu mweupe. Chini, mchwa walikuwa wamejenga vichuguu hadi safu ya nne, na njia moja ya udongo ilikuwa imeruka kutoka kwenye kuni kwenda kwenye fito za ukuta wa jiko, maana nilikuwa nimewajengea daraja. Kati ya safu ya tatu na ukuta nilipata gamba la nyoka, kavu, refu kama mkono wangu.

"Mama, mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Mtu amekutolea jasho lake."

Alichokuwa anafanya ni hiki: kila jioni alichagua vipande vichache, akavipandisha kwenye uchaga ulio juu ya mafiga, vikauke kwa moshi wa leo vipate kuwaka kesho. Kuna ule usemi kwamba kuni za uchagani huzicheka zilizo motoni. Kwa mama hazikucheka hata siku moja, zilikuwa zikikohoa pamoja naye. Na kikohozi hicho kilikuwa kimempeleka hospitali mwezi wa tatu. Daktari alimwuliza anapikia nini. Akajibu kuni. Daktari akamwuliza kama ni kavu au mbichi, naye akajibu, "Ni za mtoto wangu."

Hilo jibu nililipata kwa dada, na lilinikaa. Sisi tuliopasua tuliondoka tarehe 2 Januari. Moshi ulibaki na asiyeshika shoka. Angeshika shoka mtu yule yule anayepuliza moto, nadhani kuni za Afrika nzima zingekuwa ndogo zaidi na kavu zaidi.

Mwaka mzima nikawa mtu wa kuuliza kuhusu kuni. Nilijifunza kwamba mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Ukiutia motoni, joto la kwanza lote linakwenda kuyachemsha maji hayo, na kabla hayajaisha gesi za mti hazipati joto la kutosha kuwaka, zinatoka zikiwa moshi. Kumbe mama alikuwa anachemsha maji mara mbili: ya chai na ya kuni. Nilijifunza pia kwamba maji ya mti husafiri kwa urefu wake, kama yalivyokuwa yakipanda kutoka mizizini, ndiyo maana hutokea zaidi kwenye ncha kuliko ubavuni. Ganda ni koti la mvua lililovaliwa kinyume. Kipande kirefu, kinene, chenye ganda zima, kama vile nilivyovikata mimi, kinaweza kumaliza msimu mzima na bado ukikipasua moyo wake ni baridi.

Januari 2023 tukarudi. Mwaka huo shule zilikuwa zifunguliwe tarehe 23, kwa hiyo watoto wote walikuwa nyumbani. Safari hii nilimwambia mama yeye ndiye fundi, sisi ni vibarua. Akacheka, akadhani ni maneno ya mjini. Kesho yake saa kumi na moja na nusu alfajiri alinigongea dirisha.

Lakini kwanza kulikuwa na suala la mti. Nilimpigia kaka mimi mwenyewe, nikamwambia mama anahitaji mti mzuri, si uliopinda. Tukazozana. Akasema mimi si mwenye kulipa karo za watoto wake. Nikasema na yeye si mwenye kuvuta moshi. Nikakata simu, jambo ambalo kwetu mdogo hamfanyii mkubwa, na usiku sikulala vizuri. Siku ya pili jioni gari lake likaingia bomani. Hakusema neno juu ya simu. Alivua viatu vya ofisi, akavaa gambuti za marehemu baba zilizokuwa zimening'inia ghalani.

Mama alimwambia mtu wa pawa akate vipande vya urefu wa kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole vyake mwenyewe. Pawa alilalamika kwamba atamaliza petroli. Mama akamwonyesha mafiga: "Kuni ndefu inakaa nusu nje. Hiyo nusu ya nje inafanya nini, inaota jua?"

Waliotufundisha kupasua walikuwa wawili, na hakuna aliyekuwa na kifua. Wa kwanza ni shangazi, dada ya baba, umri umepita sabini. Alikuja na shoka lake la kienyeji, lile ambalo chuma chake chembamba kinapenya kwenye kichwa kinene cha mpini. Nikamwonyesha langu la Kibuye, ambalo kichwa kilikuwa kinacheza, nami nilikuwa nimelilaza kwenye ndoo ya maji usiku kucha ili mpini uvimbe. Asubuhi lilikuwa limekaza vizuri. Kufika saa nne lilikuwa limelegea kuliko jana.

"Mbao ikivimba ndani ya tundu la chuma inajiponda," shangazi alisema. "Ikikauka inanywea kupita ilivyokuwa. Hilo shoka litamtoa mtu meno." Akatuma mtoto alete mti wa mpera uliokuwa umekaushwa darini, na kaka, ambaye sikujua kwamba anakumbuka, akachonga mpini mpya na kuutia kabari. Shoka la shangazi halikuhitaji kabari yoyote, maana kila pigo linakisukuma chuma ndani zaidi.

Shangazi hapigi kwanza. Analizunguka gogo, anatazama uso wake uliokatwa, anatafuta nyufa ndogo zinazotoka moyoni kama miale. Kisha anapiga juu ya ufa, taratibu, karibu na ukingo. Mimi nilikuwa napiga katikati kwa nguvu zangu zote.

"Ugali wa moto unaula kuanzia wapi?" akaniuliza.

"Pembeni."

"Basi."

Gogo kubwa unalimenya pembeni, banzi baada ya banzi, hadi moyo ubaki peke yake. Fundo unaliweka chini, shoka lifike huko likiwa limeshaufungua mti, na fundo likikataa unaliacha. Magogo yenye mafundo ana mahali pake pa kuyaweka: ni ya moto wa matanga, ule unaokeshwa, ambao unataka gogo la kuwaka hadi asubuhi. Na mkaratusi, kasema shangazi, hupasuliwa siku ya kukatwa kama samaki. Ukiuacha ukauke ukiwa gogo, nyuzi zake zinashikana na shoka linaruka. Halafu miguu: akatufanya tusimame tumeitanua na tukunje magoti shoka linaposhuka, ili ukikosa, makali yaingie kwenye kisiki na si kwenye muundi wako. Mpwa wangu mmoja bado ana kovu la 2021 ambalo hatukumwambia mama lilitokana na nini.

Jambo dogo nililochangia mimi ni tairi kuukuu. Unaliweka juu ya kisiki, unasimamisha gogo ndani, unapiga ukizunguka, na mabanzi hayarukii watoto. Shangazi alilitazama kwa dharau. Kufikia siku ya tatu alikuwa analiulizia.

Unene aliupima mama. Alikaa kwenye kigoda, kila kipande kinapita mikononi mwake: kikizidi unene wa kifundo cha mkono wake, kinarudi. Tulirudishiwa nyingi. Saa nne na nusu anapiga mwiko kwenye sufuria, kazi imekwisha. Tunakunywa uji wa wimbi, tunalala chini ya avokado, watoto wanacheza karata, tunarudi saa kumi jua likishainama. Kwa siku tano hakuna aliyezimia, na tulipasua zaidi ya ile siku yetu ya kujitia ushujaa mwaka 2021.

Mwalimu wa pili, wa kupanga, alikuwa baba mdogo. Kwa miaka mingi ameuza kuni kwa viwanda vya chai, ambavyo huchoma kuni kupata joto la kukaushia majani. Kule kuni hupimwa kwa mita ya ujazo: upana mita, urefu mita, kimo mita. Basi wauzaji, alitueleza bila haya, hujifunza kupanga kwa namna ambayo rundo linajaa haraka na hewa inauzwa pamoja na mti.

"Mpimaji akija na kurunzi anamulika, anakuta kuna nafasi paka apite," alisema. "Nimegombana nao sana. Lakini hebu niambie, zile kuni zilikuwa zinakauka au hazikauki?"

Zilikuwa zinakauka kuliko za mtu yeyote. Kwa hiyo tukapanga kwa hila ya baba mdogo. Mawe kwanza, kwetu hayakosekani, juu yake fito mbili ndefu, kuni zisiguse udongo na mchwa waonekane wakipanda. Safu tukaisogeza mbali na ukuta, hatua mbili, mahali upepo wa alasiri unapopita. Ncha za safu tukazipishanisha, mbili hivi, mbili vile, zisimame zenyewe kama nguzo. Katikati vipande vikalala vimelegea. Juu tukaweka mabati mawili yaliyotoboka na mawe, na ubavuni hatukuweka chochote. Nailoni mama aliichana, akafunikia kitalu cha sukuma.

Kupanga ni kazi ya watu wawili wawili, mmoja anapitisha, mwingine analaza. Niliangukia na kaka. Kwa muda mrefu tulisikia tu kuni zikigongana. Kisha akasema, bila kunitazama, "Sikujua kama anaomba vile. Nilidhani ananijulisha." Nikampa kipande kingine. Akaniambia bei aliyopewa na mtu wa nguzo, akaniambia na deni lenyewe, na ni deni kubwa. Nikaona kwamba miti ile arobaini ilikuwa imeshauzwa kichwani mwake mara tatu. Jioni alimwambia mama mitatu ya upande wa juu ni yake, asipige simu. Alisema "kwa sasa". Mama alishukuru. Mimi hilo "kwa sasa" lilinikera, na bado linanikera.

Nilichagua vipande vinne, nikavitia alama ya rangi ya kucha ya mpwa wangu, nikavipima pamoja kwenye mizani ya duka: kilo 4.1. Katikati ya Machi, kabla mvua hazijakolea, nilivipima tena. Kilo 2.6. Lita moja na nusu ya maji ilikuwa imeondoka kwenye kuni nne bila mtu kupuliza.

Pasaka ya 2023 ilikuwa tarehe 9 Aprili. Nilifika na mvua. Mama alitoka nje, akachukua vipande viwili kwenye safu, akavigonganisha karibu na sikio. Vikalia ko, ko, sauti ya juu, kama vinu vidogo. Kimoja kikatoa sauti nzito, akakirudisha. Chai ilikuwa tayari kabla sijamaliza kusalimia majirani. Nisiseme uongo, moshi ulikuwepo, jiko ni lile lile na dirisha ni lile lile, na kikohozi chake hakijaisha kabisa hadi leo. Tena ncha moja ya safu ilikuwa imeporomoka kwa sababu mpwa fulani alivuta ukuni wa chini badala ya kuanzia juu. Lakini mama alipika ameketi kwenye kigoda, mgongo umenyooka, akinisimulia habari za harambee ya kanisa.

Desemba 2024 nilikuta safu mbili. Moja ya mikaratusi, na nyingine ndogo, ya vijiti vyembamba vilivyonyooka, vimefungwa mafungu kwa kamba ya mgomba. Nikauliza vimetoka wapi. Mama akanipeleka kwenye ua wa upande wa juu, ambapo zamani palikuwa na lantana. Kulikuwa na mstari mrefu wa kaliandra, mti mdogo wa kuni, imekatwa kimo cha magoti, na kila kisiki kimeshachipua tena majani mabichi. Mbegu alipewa na mwanachama mwenzake wa chama. Alizipanda mvua za 2023, wiki ile ile nilipoondoka baada ya Pasaka.

"Mama, umepanda miti?"

"Hii si miti. Hivi ni vijiti."

"Na yale maneno ya guku?"

Akainama, akavunja kijiti kikavu kwa goti, akakitupa kwenye fungu. "Baba yenu alikufa na mimi sijawahi kupanda hata mpapai," akasema. "Shika panga, huo wa mwisho pale umeshakomaa."